Mkwe Naye Aandikwe

Kule karakanani walimwita Mama Uzi, na jina hilo lilimkaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akijalidi vitabu: rejesta za hospitali, madaftari ya mahudhurio ya shule, vitabu vya maktaba vilivyochanika mgongo. Wenzake walibandika gundi na kuondoka. Yeye alishona kwa sindano, ukurasa kwa ukurasa, kisha ndipo akatia gundi. Sababu ya pili ilikuwa tabia. Akishakata shauri, alishikilia uzi uleule mpaka mwenye kumpinga achoke.

Mumewe alikuwa mpima ardhi. Alikuwa akienda kazini wiki mbili, anarudi nyumbani wiki moja, buti zimejaa vumbi, uso umeungua jua. Mtaani walimsifu, na sifa zenyewe hazikuwa za uongo. Hakunywa. Hakuwahi kuinua mkono. Binti yao wa miaka kumi na mmoja, ambaye nyumbani walimwita Kiranja kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu, alimpenda baba yake kufa.

Kosa la Mpima lilikuwa kununa. Akikasirishwa na mkewe, alifunga mdomo. Mara ya kwanza, mwaka ule wa harusi, alinuna siku nne kwa ajili ya shati lililoungua kwa pasi. Mama Uzi akadhani ni utoto wa ndoa, utapita. Haukupita, ulikua. Siku nne zikawa tisa, tisa zikawa ishirini. Mwaka uliopita alihesabu siku thelathini na nane. Siku hizo, kila alipokuwa nyumbani, mume alikula chakula chake, akacheka na binti yake, akapiga soga na majirani, akaongea na mama yake mzazi aliyekuwa akiishi nao. Mke tu ndiye hakuonekana. Wakikutana kwenye ujia, Mpima alimpisha kama mtu anavyokipisha kiti. Na mawasiliano yote yalipita kwa mtoto.

"Mama, baba anauliza soksi zake za kijivu ziko wapi."

"Mwambie ziko kwenye kamba."

"Baba, mama anasema ziko kwenye kamba."

Na baba mwenyewe amesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwa mama.

Kilichomfikisha ukingoni kilikuja mchana mmoja wa kawaida. Kiranja alirudi kutoka shule, akatupa mkoba, akauliza, "Mama, sare za shule mpya tutashona lini?"

"Shule gani mpya?"

"Ile ya bweni. Baba ameshajaza fomu. Alisema atakwambia."

Wakati huo mume alikuwa kwenye siku ya kumi na mbili ya kununa. Hakumwambia. Mama Uzi hakupiga kelele wala hakulia. Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye shule hiyo ya bweni, akamuuliza mwalimu mkuu, akaambiwa fomu ilihitaji sahihi za wazazi wote wawili, kwa hiyo ilikuwa bado imelala kwenye faili. Akashukuru. Kutoka pale hakurudi nyumbani. Alipiga moyo konde akaingia ofisi ya ustawi wa jamii, ghorofa ya pili, akamwambia mama aliyekuwa mezani, "Nataka kutengana na mume wangu kwa maandishi, bila ugomvi. Nimesikia hapa mnawakalisha watu wakaelewana."

Mama yule alikuwa ndiye msuluhishi wa familia, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimtazama kidogo. "Talaka au kutengana?"

"Kutengana. Kila mtu na kwake, na mtoto ajue yuko wapi. Hilo lingine sijalifikiria."

Barua ya wito aliiweka mezani kando ya sahani ya mumewe, kwa kuwa kwa mdomo hawakuwa wakiongea. Mpima aliisoma mara mbili. Ndipo akasema neno lake la kwanza baada ya siku kumi na tano.

"Umenishtaki?"

"Sijakushtaki. Nimekuita tukaongee."

Kwenye kikao kila upande uliruhusiwa ndugu mmoja. Mama Uzi alikwenda peke yake. Kaka yake alikuwa tayari, ila alimjua kwa kupiga meza. Mpima alikuja na dada yake mkubwa, muuza mapazia, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Wifi huyu aliingia akiwa ameshaandaa hotuba.

"Sisi tumekuja kuwapatanisha hawa watoto," alitangaza kabla hajakaa.

"Karibu ukae kwanza, dada," msuluhishi akamwambia. "Wakitaka kurudiana, milango iko wazi. Lakini mimi sirudishi mtu wala simtenganishi mtu. Kazi yangu ni kuwasikiliza hadi waandike wanachokubaliana wote wawili."

Wifi akamgeukia Mama Uzi. "Hebu niambie mwenyewe. Amekupiga?"

"Hapana, wifi."

"Amekunyima chakula?"

"Hapana."

"Ana mwanamke nje?"

"Sijui, na sijauliza."

"Sasa ana kosa gani?"

"Haongei na mimi."

"Haongei!" Wifi akapiga makofi. "Wenzio tunaomba Mungu waume zetu wanyamaze japo dakika tano!"

Msuluhishi alijikohoza kuficha kicheko. Mama Uzi mwenyewe alicheka, kwa kuwa lilichekesha kweli. Kisha akaacha kucheka. "Wifi, kuna siku niliungua mkono na maji ya moto. Nikapiga ukelele. Mdogo wako alikuwa sebuleni. Alimtuma mtoto aje kuniangalia. Alikuwa amenuna siku ya ishirini na tisa. Sasa niambie wewe, ningefanya nini?"

Wifi akamtazama mdogo wake.

Msuluhishi akamgeukia Mpima. "Baba, hayo ni kweli?"

Mpima alitazama meza. Dakika ikapita. Wifi alitaka kumjibia, msuluhishi akainua kidole kimoja tu, naye wifi akatulia. Msuluhishi akajimiminia chai. Akainywa taratibu hadi ikafika nusu kikombe, kama mtu aliyekuja kupumzika. Nje gari lilipiga honi, watu wakapita ngazini wakibishana, ndani hakuna aliyesema. Mwishowe Mpima akasema, kwa sauti iliyokauka, "Nikiongea na hasira nitaharibu. Ndiyo maana nanyamaza."

"Siku thelathini na nane?" Mama Uzi akauliza.

"Siku zinakwenda tu. Baadaye sijui naanzia wapi."

Miaka kumi na minne ya ndoa, Mama Uzi hakuwahi kuambiwa hilo. Moyo wake ulilegea. Alimwona mumewe vile alivyokuwa zamani, kijana aliyemwonyesha jinsi ya kuchungulia kwenye darubini ya upimaji na kumwambia kila kitu duniani kina mahali pake. Angetikisa kichwa tu pale, wangetoka wote watatu na kupanda gari moja kurudi nyumbani. Akajua pia kwamba baada ya mwezi mmoja Kiranja angekuwa anabeba tena habari za soksi.

"Nimekusikia, baba Kiranja," akasema. "Inaniuma kwamba nimelisikia hapa, mbele ya mgeni. Lakini bado nataka tutengane, na nataka tuandike."

Kikao cha pili ndicho kilichokuwa cha kazi. Waliandika kwamba mtoto atakaa na mama, na kila baba anaporudi kutoka kazini atakaa naye. Waliandika kwamba hakuna atakayemhamisha shule bila sahihi ya mwenzake. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake Mpima; Mama Uzi alisema atahama yeye. Kisha akaleta la kwake.

"Nikikuandikia ujumbe kuhusu mtoto, ujibu ndani ya siku moja. Hata kama umenuna."

Mpima akakunja uso. "Niandikiwe kujibu meseji? Mimi mtu mzima?"

"Ndiyo. Iandikwe."

"Nikiwa porini hakuna mtandao je?"

"Utajibu ukipata mtandao."

Alifikiri. Kazi yake ilikuwa vipimo, na kilichopimika hakikumtisha. "Siku moja haieleweki," akasema. "Andikeni saa ishirini na nne tangu ujumbe kufika." Msuluhishi akaandika hivyo hivyo.

Walipofika kwa mama yake Mpima ndipo mambo yalipokwama. Bibi huyu alikuwa amevunjika nyonga miaka tisa nyuma na tangu hapo alitembea kwa kushikilia fremu ya chuma, chumbani hadi sebuleni, basi. Mama Uzi ndiye aliyemwogesha, aliyempa dawa, aliyemkalisha juani asubuhi kabla ya kwenda kazini. Walikuwa wakicheka pamoja hadi majirani wakauliza kuna nini.

"Mama nitakwenda naye mimi," Mama Uzi akasema.

"Mama wa nani?" Wifi akaruka. "Umwache mwana, uchukue mama?"

"Mama atakwenda kwa dada," Mpima akasema.

Sasa wifi ndiye aliyepaliwa. "Kwangu? Ghorofa ya tatu? Nimshushe kwa kamba?"

Walivutana hadi saa ikaisha. Msuluhishi alivua miwani, akauliza swali moja tu. "Mwenyewe anasemaje?"

Wote watatu wakatazamana kama wanafunzi waliosahau kazi ya nyumbani.

Jioni ile, akimpaka mafuta miguuni, Mama Uzi alimweleza mkwe wake kila kitu. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hiyo mnanigawa."

"Si kugawa, Mama."

"Nimeandikwa wapi? Baada ya friji?"

"Kabla ya friji."

"Afadhali." Akafumbua macho. "Kikao kijacho nakuja."

"Mama, ni ghorofa ya pili. Hakuna lifti."

"Basi washuke wao, wana miguu. Mimi siandikwi kama kabati. Nikiandikwa, niandikwe kwa maneno yangu."

Na walishuka. Msuluhishi aliomba chumba cha chini, kile cha kuandikisha vizazi na vifo, kabla hakijafunguliwa kwa watu. Wakakaa kwenye benchi za mbao katikati ya makabati ya rejesta. Mama Uzi aliziona rejesta zilivyojalidiwa kwa gundi tupu, kurasa zikichomoza pembeni, akajikaza asiziguse. Mpima na dada yake walikuwa wamembeba mama yao kwenye kiti kutoka kwenye gari, na bibi alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri cha kichwani na hereni.

"Mama, karibu," msuluhishi akasema. "Wanao wanataka kujua ungependa kukaa na nani."

"Na huyu," bibi akasema, akimwelekeza kidole Mpima.

Mama Uzi alihisi kama ametolewa kiti akiwa anakaa. Alikuwa amejiandaa kumpigania mkwe wake mpaka mwisho. Hakujiandaa kukataliwa naye. "Mama," akasema, "kwani nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mwanangu. Ngoja niseme." Bibi akaweka mikono yote miwili juu ya fremu yake. "Baba yao alipokuwa akinikera, nilikuwa namnyamazia. Mwezi mzima. Huyu ndiye alikuwa mdogo, ndiye niliyemtuma. 'Kamwambie baba yako chakula kiko mezani.' Baba yake hatua mbili kutoka pale. Nilijiona namkomoa mume. Kumbe nafundisha mtoto."

Mpima aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Tukiondoka wote," bibi akaendelea, "huyu atabaki na kuta. Atanyamaza mpaka asahau sauti yake. Mimi nikiwepo hanyamazi, nitamchokoza. Na wewe," akamgeukia Mama Uzi, "miaka tisa umeninyanyua. Kama unatoka, toka mikono mitupu. Sitaki umwache mwanangu halafu unibebe mimi. Uje unione Jumapili, ukae kitini, uletewe chai kama wageni wengine."

Wifi alikuwa anajifuta machozi kwa ncha ya khanga, kelele zote zimemwisha. Mama Uzi hakulia. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imerudi ile ya kazini.

"Sawa, Mama. Umesema, nimekubali. Lakini sisaini mpaka ajue kukutunza." Akamgeukia mumewe. "Dawa zake za asubuhi ni ngapi?"

Mpima hakujua.

"Akishuka kitandani, mguu upi unatangulia?"

"Wa kulia?"

"Huo ndio uliovunjika. Ataanguka." Akamwambia msuluhishi, "Andika kwamba kabla sijahama nitamfundisha wiki tatu. Na yeye aombe kazi ya ofisini, asiende tena porini wiki mbili mbili."

"Kifungu kama hicho sijawahi kuandika," msuluhishi akasema.

"Leo andika."

Mpima aliinua kichwa. "Kazi ya kuchora ramani ipo," akasema polepole. "Nitaiomba."

Aliiomba, akapewa, na wiki tatu zikaanza. Siku ya kwanza alijaribu kuuliza kwa vidole: akanyooshea chupa, akainua nyusi. Mama Uzi alikunja mikono. "Sikusikii."

"Hii... hii ni kabla ya kula au baada?"

"Baada. Na umpe na maji ya uvuguvugu, ya baridi yanamkereketa."

Kuogeshwa na mwanawe wa kiume bibi alikataa katakata, wakamtafuta mama mmoja wa mtaani awe anakuja kila asubuhi. Mengine yote Mpima alijifunza. Alichora mchoro wa kitanda na kuandika mguu wa kushoto kwa wino mwekundu, akaubandika ukutani. Kiranja alimsahihisha kwa raha zote na kumpa maksi. Mikono iliyozoea kushika vyombo vya kupimia ilianza kujua uzito wa mama yake.

Wiki ya pili dada mtu alikuja kutembea. Mpima alikuwa anamnyanyua mama yake vibaya, akimvuta kwa mikono, na Mama Uzi akamkaripia pale pale: "Si hivyo, unamng'oa mabega!" Mpima akamkalisha mama yake, akatoka, akafunga mdomo. Mchana ukapita, jioni ikaingia. Mama Uzi aliendelea na kupanga vyombo vyake kwenye maboksi. Alijiambia kwamba safari hii hatahesabu siku.

Sauti ya bibi ikatoka chumbani. "Humu ndani nasikia kimya! Kimya cha nani hicho?"

Hatua zikasikika. Mpima akasimama mlangoni mwa jiko, mikono imening'inia, kama mtu aliyeitwa jukwaani.

"Nimekasirika," akasema.

"Sawa."

"Umenisema mbele ya dada."

Mama Uzi aliweka chini bakuli alilokuwa akilifunga kwa gazeti. "Hapo nimekosa. Siku nyingine nitakuita pembeni."

"Haya." Akasimama bado. "Basi, ni hilo tu."

Akaenda zake kumpa mama yake dawa. Mama Uzi alibaki ameshika ukingo wa meza. Maneno machache kiasi kile, nusu dakika, na hasira ya siku nzima imekwisha! Aliwaza ingekuwaje kama yangekuja miaka kumi nyuma. Kwa muda aliyatazama yale maboksi kama vile ni ya mtu mwingine. Halafu akalichukua bakuli, akamaliza kulifunga, akachukua jingine. Alifurahi kwamba mtu yule alikuwa anajifunza kuongea. Lakini yeye alikuwa ameshachoka kusubiri, na kuchoka huko hakukuwa na hasira ndani yake.

Walisaini Ijumaa, kurasa tano, Jumamosi akahama. Alipata vyumba viwili nyuma ya karakana, dirisha moja likitazama ukuta na jingine likitazama uwanja wa shule. Usiku wa kwanza hakupata usingizi kwa harufu ya rangi mpya. Wa pili alilala kama gogo.

Makubaliano hayakwenda kama saa. Kiranja alipopata homa, baba alijibu ndani ya dakika arobaini na akafika mwenyewe na machungwa. Mwezi wa nne aliulizwa kuhusu safari ya shule, akakaa siku tatu hajajibu. Zamani Mama Uzi angemeza. Safari hii alimpigia msuluhishi, wakakutana asubuhi moja kabla ya kazi, na ikajulikana Mpima alikuwa ameudhika kwamba hakushirikishwa tangu mwanzo. Wakaongeza mstari mmoja kuhusu safari. Jumapili Mama Uzi alikwenda kumwona bibi, akakaa kitini, akaletewa chai na Mpima. Ilimwia vigumu kukaa tu; mto wa bibi ukipinda, mikono yake ilinyanyuka yenyewe, na bibi alimwambia, "Tulia wewe mgeni."

Baada ya miezi sita, kama ilivyoandikwa, walirudi ghorofa ya pili kuyapitia makubaliano upya. Safari hii walikwenda wawili tu. Msuluhishi alisoma kifungu kwa kifungu, wakakubali vyote, wakabadilisha siku moja kwa kuwa Kiranja alikuwa ameingia timu ya netiboli. Kisha akavua miwani.

"Nalazimika kuuliza. Kuna mmoja wenu anayetaka kurudiana?"

Mama Uzi alitazama dirishani. Hakutegemea jibu kutoka upande wa pili. Akiulizwa maswali kama hayo, Mpima siku zote alikuwa akiishia kutazama meza.

"Mimi ningependa," Mpima akasema, kwa sauti ya kusikika.

Mama Uzi akamgeukia. Alimwona amekaa wima, macho yake hayakukwepa. Alijua neno lile limemgharimu kiasi gani, na hakutaka kulijibu kwa haraka wala kwa huruma.

"Nashukuru umesema," akamwambia. "Kweli kabisa. Lakini mimi nipo sawa nilipo. Tuendelee hivi."

Mpima alivuta pumzi ndefu, akaitoa. "Haya," akasema. "Nimesema, nimejibiwa."

Msuluhishi akasogeza karatasi katikati ya meza. Mama Uzi akaomba kalamu, akasaini kwa mwaka mzima, akampa mwenzake kalamu. Karakanani rejesta za hospitali zilikuwa zinangoja kushonwa kabla ya saa kumi, kwa hiyo hakukaa kunywa chai.